Meza Ndogo za Lyon: Namna ya Kula Katika Bushoni

Lyon, mji uliopo pale mito ya Rhône na Saône inapokutana, una mikahawa midogo ya aina yake. Wenyeji huiita bushoni, na mlangoni utaiona imeandikwa bouchon. Chumba ni kimoja, meza zimebanana hata kiwiko chako kinakaribia sahani ya jirani, na vitambaa vya mezani mara nyingi ni vya miraba myekundu na myeupe. Ukutani kuna sufuria za shaba, picha kuukuu na vikaragosi. Mhudumu ni mmoja au wawili. Aliye jikoni mara nyingi ndiye mwenye nyumba.

Mwongozo huu ni wa msomaji anayefika Lyon kwa masomo, kazi, mkutano au matembezi, na anayetaka kuketi humo akijua anachoagiza, anachokula na anacholipia.

Kwa nini mambo huenda yanavyokwenda

Karibu kila desturi inayomshangaza mgeni inatokana na udogo wa chumba. Viti ni vichache, na katika nyumba nyingi kila kiti hupata mteja mmoja mchana na mmoja usiku. Meza uliyopewa ni yako mpaka utosheke. Hakuna atakayesimama karibu nawe akisubiri uondoke. Ndiyo maana aliyeweka nafasi asitokee huacha pengo ambalo haliwezi kuzibwa tena usiku huo. Ndiyo maana pia jiko hufungwa mapema: mpishi ni huyo mmoja, na ndiye atakayeamka kesho kwenda sokoni. Vyakula ni vichache kwa sababu vinaanza kupikwa asubuhi, vingine tangu jana yake, na kumwomba mpishi abadilishe mchuzi uliokwisha kuiva ni kumwomba asichokuwa nacho.

Chakula chenyewe nacho kina asili yake. Katika karne ya 19 kilima cha Croix-Rousse kilijaa wafumaji wa hariri walioitwa canuts, watu walewale walioinuka mwaka 1831 kudai bei ya haki kwa kazi ya mikono yao. Walianza kufuma alfajiri, na ilipofika saa tatu asubuhi walikuwa na njaa ya mchana. Walikula soseji, matumbo, jibini na divai. Mlo huo wa asubuhi, mâchon, bado upo katika baadhi ya nyumba. Sehemu za mnyama walizozimudu ni zile ambazo tajiri hakuzitaka: miguu, maini, utumbo, kichwa.

Kisha wakaja akina mama. Lyon huwaita Mères: wanawake waliokuwa wapishi katika majumba ya matajiri, wakaacha kazi hiyo na kufungua milango yao wenyewe. Eugénie Brazier, mzaliwa wa 1895, alifungua mkahawa wake katika Rue Royale mwaka 1921. Mwaka 1933 kitabu cha Michelin kiliipa mikahawa yake miwili, huo na mwingine, nyota tatu kila mmoja, jumla ya sita, idadi ambayo hakuna mpishi aliyekuwa ameifikia kabla yake. Paul Bocuse, ambaye jina lake leo limo katika soko kuu la chakula la Lyon, alifanya kazi jikoni kwake akiwa kijana. Mgeni anayeifahamu historia hii ataagiza kwa busara zaidi. Bushoni imerithi jiko la wafumaji na mkono wa akina mama hao. Anayetafuta sahani kubwa yenye tone la mchuzi na jani moja atakuwa amekosea mlango.

Kuipata iliyo ya kweli

Neno bouchon halilindwi kiasi cha kumzuia kila mwenye meza na viti kulibandika dirishani. Mitaa ya watalii, hasa Rue Saint-Jean katika mji mkongwe na Rue Mercière katikati ya jiji, ina mikahawa mingi inayolitumia, mizuri na mibaya ikiwa imechanganyika. Kabla ya kuingia, simama nje dakika mbili ufanye haya:

1. Tafuta kibao cha utambulisho. Viko vya aina mbili. Cha zamani kilianza mwaka 1997 na kina picha ya Gnafron, kikaragosi mpenda divai wa Lyon, akiwa na glasi mkononi. Kipya, chenye maneno Les Bouchons Lyonnais, kilianza mwaka 2012 kwa msaada wa chemba ya biashara ya mji. Nyumba zilizonacho si nyingi, na kukosa kibao hakumaanishi kwamba chakula ni kibaya. Ila ukikiona, kuna mtu aliyekwisha kukagua.

2. Soma bei hapohapo nje. Sheria ya Ufaransa inalazimisha orodha ya vyakula na bei ibandikwe mahali ambapo mpita njia anaweza kuisoma wakati wa huduma. Pasipo na bei, pita.

3. Pima urefu wa orodha. Vianzio vitano au sita, vyakula vikuu vingine kama hivyo na vitindamlo vichache ni dalili njema. Kurasa nyingi zenye piza, tambi na baga pamoja na vyakula vya Lyon ni dalili ya friji kubwa.

4. Angalia kama kuna alama ya sufuria yenye paa la nyumba juu yake. Alama hiyo, iliyoanza mwaka 2014, huenda pamoja na maneno fait maison, yaani chakula kimepikwa hapohapo kutokana na viungo vibichi.

5. Mhudumu anayesimama barabarani akikuita na kukuvuta, mshukuru uendelee na safari. Nyumba yenye viti vichache na sifa njema haina haja ya kufanya hivyo.

Wasiotaka kuhangaika wanaweza kuanzia karibu na jengo la halmashauri, kituo cha metro cha Hôtel de Ville. Hatua chache kutoka hapo kuna Café des Fédérations, Le Garet na Chez Hugon, majina ambayo wenyeji wenyewe huyataja. Upande wa pili wa Rhône kuna Daniel et Denise ya Rue de Créqui.

Kuweka nafasi

Usiende bila kuweka nafasi, hasa Alhamisi hadi Jumamosi usiku. Kwa nyumba zinazojulikana, siku kadhaa kabla zinatosha. Wakati wa Sikukuu ya Taa mapema Desemba, mji unapojaa, anza wiki kadhaa mapema.

1. Kagua siku za kufunga. Bushoni nyingi hufunga Jumapili, baadhi na Jumatatu pia, na nyingine Jumamosi. Agosti wengi huenda likizo, wiki mbili au tatu mfululizo.
2. Piga simu au tumia tovuti ya nyumba yenyewe. Simu ina faida moja kubwa: unaweza kueleza usichokula.
3. Taja jina, idadi ya watu, siku na saa. Jina refu la kwetu litamchanganya anayeandika, hivyo toa moja fupi na ulitamke herufi kwa herufi.
4. Ukichelewa zaidi ya dakika kumi na tano, piga simu. Ukishindwa kabisa kwenda, piga simu mapema kadiri uwezavyo.

*KISANDUKU: Saa zao na saa zetu*

Hapa ndipo Mswahili hupotea kirahisi kuliko mgeni mwingine yeyote. Mfaransa huhesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane, na huandika hivi:

12h30 = saa sita na nusu mchana
14h00 = saa nane mchana
19h30 = saa moja na nusu usiku
20h00 = saa mbili usiku
21h30 = saa tatu na nusu usiku

Chakula cha mchana huliwa kati ya 12h00 na 14h00, cha usiku kuanzia 19h00 au 19h30. Baada ya 21h30 nyumba nyingi hazipokei tena oda. Ukiambiwa "sept heures" kwa chakula cha usiku, ni 19h00, yaani saa moja kwetu. Aliyeandika "saa saba" kwenye daftari lake bila kutafsiri atafika wakati taa zimezimwa.

Mlangoni

Salamu inatangulia kila kitu. Ingia, simama karibu na mlango, mtazame aliye karibu nawe na useme "Bonjour, Madame" au "Bonjour, Monsieur"; giza likiingia, "Bonsoir". Aliyelelewa Pwani hahitaji kufundishwa kwamba huwezi kumwomba mtu kitu kabla ya kumjulia hali. Lakini wengi, wakiwa na haya ya lugha, huingia kimya na kuonyesha vidole viwili kuomba meza ya watu wawili. Mfaransa huona hilo kama dharau, na baridi utakayoipata mezani mara nyingi huanzia hapo.

Usijikalishe. Subiri upelekwe. Ukiwa na koti zito au mkoba mkubwa, waulize pa kuuweka, maana kati ya viti hakuna nafasi. Kigari cha mtoto ni bora kibaki hotelini. Mavazi ni ya kawaida, safi. Hakuna anayetazamia tai.

Mhudumu aitwe Madame au Monsieur, kwa jicho au kwa mkono ulioinuliwa kidogo. Usipige makofi, usiite "garçon". Anayejua Kifaransa atumie "vous" hata kama mwenye nyumba anamtania tangu mlangoni, na katika bushoni utani ni mwingi.

Kusoma karatasi au ubao

Mambo matatu yatakusaidia kuelewa bei. Kilichoandikwa "menu" ni mlo mzima wa bei moja, wenye kianzio, chakula kikuu na jibini au kitindamlo. "Formule" ni ufupisho wake, sahani mbili badala ya tatu, na mara nyingi ni ya mchana tu. "À la carte" ni kuchagua kimojakimoja, kila kitu na bei yake. Entrée ni kianzio, plat ni chakula kikuu. Kwa kawaida menu ya usiku huwa kati ya euro 25 na 40 kwa mtu, bila kinywaji. Mchana ni nafuu, na mwenye bajeti ndogo aende mchana: jiko ni lilelile na mpishi ni yuleyule.

Nyumba nyingine huleta vianzio kwa mtindo wa mabakuli makubwa: adesi, bitiruti, samaki wa heringi na viazi, miguu ya ndama, yote mezani, ujipakulie upendacho. Pakua kidogo. Wengi hushiba hapo, na chakula kikuu kikifika wanakitazama tu.

Vyakula vya kuvijua kwa majina

Anza na quenelle (tamka "kenel"), kwa sababu ndiyo sahani ambayo takriban kila mtu huipenda. Ni nyama ya brochet, samaki wa mto mwenye miiba mingi, iliyosagwa na kuchanganywa na mayai, siagi na unga, ikaviringwa na kuumuka katika oveni. Mchuzi wake, Nantua, hutengenezwa kwa kamba wa maji baridi na krimu. Ikifika, ile mara moja, maana huanza kunywea dakika ileile inapotoka motoni. Na usiguse bakuli: limetoka ndani ya oveni moja kwa moja.

Salade lyonnaise ni majani machungu ya saladi, vipande vya mkate vilivyokaangwa, yai lililochemshwa nusu na vipande vya nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi. Pasua yai kwanza, kiini kichanganyike na siki.

Gâteau de foies de volaille si keki tamu, ingawa jina linadai hivyo. Ni maini ya kuku yaliyosagwa na kuokwa na mayai na maziwa, laini kama jibini changa, yakamwagiwa mchuzi wa nyanya.

Tablier de sapeur ni tumbo la ng'ombe lililochemshwa, likalowekwa katika divai nyeupe, likapakwa chenga za mkate na kukaangwa mpaka likakauka nje. Huja na mchuzi baridi wa mayai na siki. Watalii wengi huliogopa. Aliyekulia kwenye supu ya utumbo na makongoro hana sababu ya kuliogopa, na pengine ndiye mgeni anayelifaidi kuliko wote.

Andouillette ("anduyet") inahitaji onyo la wazi. Ni soseji iliyojazwa utumbo uliokatwa vipandevipande, na harufu yake ni kali. Hupanda puani kabla sahani haijatua mezani. Lyon kwa jadi hutumia utumbo wa ndama, jambo lililokatazwa miaka ya ugonjwa wa ng'ombe na kuruhusiwa tena mwaka 2015. Kwingineko Ufaransa mara nyingi ni utumbo wa nguruwe. Ile na haradali. Usiiagize kwa sababu tu jina linavutia, na usiirudishe jikoni kwa sababu ya harufu: hiyo ndiyo harufu yake.

Cervelle de canut, kwa maneno yake, ni ubongo wa mfumaji. Hakuna ubongo. Ni maziwa mgando mazito yaliyochanganywa na kitunguu saumu, majani ya vitunguu, mafuta na siki, na hupakwa kwenye mkate. Huliwa mahali pa jibini, kabla ya kitindamlo.

Saint-Marcellin ni jibini ndogo ya duara, laini hadi kumwagika. Tarte aux pralines ni kitindamlo cha rangi ya waridi kali, kilichotengenezwa kwa lozi zilizofunikwa sukari na kuyeyushwa katika krimu. Ni kitamu mno; kipande kimoja kinatosha watu wawili, na hakuna atakayekukatalia vijiko viwili.

Ukiagiza nyama ya ng'ombe ya kuchoma utaulizwa iive kiasi gani. Bleu ni mbichi ndani, saignant ina damu, à point bado ina wekundu katikati, bien cuit imeiva. Aliyezoea nyama choma ya kwetu aseme "bien cuit" bila haya, hata mhudumu akinyanyua nyusi.

Kwa asiyekula nguruwe au asiyetumia pombe

Sehemu hii isomwe kwa makini, kwa kuwa bushoni ni jiko la nguruwe na divai, na vyote viwili hujificha. Vipande vya nguruwe huingia katika adesi na saladi. Viazi huweza kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Divai nyeupe huingia katika michuzi ya krimu, katika kuku wa siki, na mara nyingi hata katika cervelle de canut. Vitindamlo vilivyoganda baridi huweza kuwa na jelatini ya nguruwe. Nyama ya bushoni, iwe ya kuku au ya ng'ombe, chukulia kwamba si ya halali isipokuwa uambiwe vingine.

Fanya hivi:

1. Sema wakati wa kuweka nafasi, kisha urudie ukiketi. "Je ne mange pas de porc" ("zhe ne manzh pa de por") ni sili nguruwe. "Sans alcool, même dans la sauce" ("sanz alkol, mem dan la sos") ni bila pombe, hata katika mchuzi.
2. Uliza kuhusu kila sahani kwa jina lake. Swali la jumla hupata jibu la jumla.
3. Mahali salama pa kuanzia ni heringi na viazi, bitiruti, mayai, gratin dauphinois (viazi vilivyookwa katika krimu), jibini na tarte aux pralines. Quenelle ina samaki, lakini ulizia mchuzi, maana baadhi ya wapishi huutia divai au konyagi.
4. Saladi huweza kuletwa bila nyama ukiomba "sans lardons", kwa sababu vipande hivyo hutiwa mwishoni.

Jikoni kwa mpishi mmoja, kikaango kilichopita nguruwe ndicho kitakachopita yai lako. Mwenye kushika dini yake kwa ukamilifu, na ambaye jambo hilo linamsumbua moyoni, asijilazimishe. Mtaa wa Guillotière, ng'ambo ya Rhône, una mikahawa ya Waafrika, ya watu wa Maghreb na ya Waasia, na halali hupatikana bila shida.

Mwenye mzio anayo haki ya kisheria: mikahawa ya Ufaransa inatakiwa iwe na maandishi yanayoonyesha vyakula vyenye vizio 14 vilivyotajwa na sheria ya Ulaya, vikiwemo karanga, mayai, maziwa, samaki na ngano. Omba kuyaona.

Maji, mkate, divai

Maji ya bomba ni safi na ni ya bure. Omba "une carafe d'eau" ("yun karaf do"). Ukisema "de l'eau" tu, unaweza kuletewa chupa ya kulipia. Tangu mwaka 2022 sheria inataka mkahawa uonyeshe wazi, katika orodha yake au kwenye tangazo, kwamba maji ya bure yapo. Mkate nao ni wa bure pamoja na chakula, na ukiisha huongezwa. Huwekwa moja kwa moja juu ya kitambaa cha meza, kando ya sahani. Umege kwa mkono. Kufutia mchuzi kwa mkate, ambako hoteli za kifahari hukukunjia uso, bushoni hukufurahia.

Wanywaji wataletewa divai katika pot ("po"), chupa nene ya kitako kizito yenye sentilita 46, ya Beaujolais kutoka kaskazini ya mji au Côtes du Rhône kutoka kusini. Inatosha watu wawili au watatu. Hakuna haja ya kujua majina ya mashamba: omba divai ya nyumba.

Wasiokunywa wajihadhari na vinywaji vya mwanzo vyenye majina ya upole, kama kir na communard. Vyote ni divai iliyotiwa pombe tamu ya matunda. Salama ni diabolo, limonadi yenye sharubati ya mnanaa au matunda, au "jus de raisin", maji ya zabibu. Kahawa huja baada ya kitindamlo, nyeusi na ndogo. Ukiiomba pamoja na chakula utashangaza, lakini utapewa.

Mwendo wa chakula

Tenga saa mbili. Kianzio hakiletwi pamoja na chakula kikuu, na kati ya sahani moja na nyingine kuna muda wa mazungumzo. Mhudumu asipokuja haina maana kwamba amekusahau. Anakuachia meza yako. Katika nyumba nyingi utabaki na kisu na uma uleule tangu kianzio, hivyo usiviache kwenye sahani inayoondolewa. Mwishoni, vilaze sambamba juu ya sahani: hiyo ndiyo ishara kwamba umemaliza.

Jirani yako yuko karibu kiasi cha kusikia kila neno. Simu iwe kimya, na anayehitaji kuzungumza atoke nje. Kumtakia jirani "bon appétit" ni jambo jema, na katika bushoni mazungumzo mengi ya meza kwa meza huanzia hapo. Kwa sababu hiyo, anayesafiri peke yake atafurahia hapa kuliko katika mkahawa mkubwa. Sigara hazivutwi ndani tangu mwaka 2008.

*KISANDUKU: Makosa yanayoonekana kila siku*

– Kuagiza sahani moja ya kugawana watu watatu. Agizeni angalau chakula kikuu kimoja kwa kila mtu.
– Kuomba pilipili kabla ya kuonja.
– Kufika 14h15 ukiwa na njaa. Jiko limefungwa, na halitafunguliwa kabla ya usiku.
– Kuongeza watu wawili kwenye meza ya wanne bila kuuliza.
– Kuacha kianzio nusu bila kusema neno. Mwenye nyumba atauliza kulikoni, na anauliza kwa dhati, mweleze.

Bili

Bili haiji mpaka uiite, kwa kuwa kuileta mapema ni kumfukuza mgeni. Sema "L'addition, s'il vous plaît" ("ladisyon, sil vu ple"). Kodi na huduma zimo tayari ndani ya bei zote zilizoandikwa. Bakshishi si lazima; aliyeridhika huacha sarafu za euro mbili au tatu mezani, au zaidi kidogo kundi likiwa kubwa. Mashine ya kadi huletwa mezani. Kama mnalipa kila mtu chake, mwambieni mhudumu kabla hajaandika bili, wala si baada.

Hakiki vitu vitatu: idadi ya pot, chupa za maji ambazo hukuziagiza, na kama ulichagua menu, kwamba hukutozwa sahani mojamoja. Msomaji wa Bukavu, Lubumbashi au Bujumbura asishtuke akisikia hesabu: "septante" na "nonante" alizozizoea hazisemwi Lyon. Sabini ni "soixante-dix" na tisini ni "quatre-vingt-dix".

Chakula kilichobaki unaweza kuondoka nacho. Tangu Julai 2021 mikahawa inapaswa kumpa chombo mteja anayeomba, ingawa baadhi ya wazee wa kazi bado hawajazoea kuulizwa. Quenelle haifai kubebwa. Tarte aux pralines hukaa vizuri hadi asubuhi. Waage walio jikoni pia ukipita mlangoni mwao, halafu tazama saa: metro ya Lyon siku nyingi huacha kazi baada tu ya saa sita usiku, na kutoka mji mkongwe hadi kituo cha Part-Dieu kwa miguu ni mwendo mrefu kwa aliyeshiba.